Kumtii Kaisari kwa Zamu

Machi 1842, Joseph Smith alichapisha orodha fupi ya yale kanisa lake linaamini. Makala za Imani ziko kumi na tatu, na watoto wa Wamormoni huzikariri mpaka leo vile sisi tulikariri Amri Kumi katika shule ya Jumapili. Ya kumi na mbili inahusu serikali: kwamba wao huwatii wafalme, marais, watawala na mahakimu, na huiheshimu sheria. Imenyooka. Haina "lakini", haina "isipokuwa".

Sasa, siku orodha hiyo inatoka gazetini, Smith alikuwa tayari ameoa kisirisiri wanawake kadhaa juu ya mkewe Emma. Aliishi Nauvoo, jimbo la Illinois, na tangu 1833 Illinois ilikuwa na sheria inayosema kuoa mke wa pili ukiwa na wa kwanza ni jinai. Mkono mmoja unaandika utii, mwingine unavisha pete.

Nataka tuelewane mapema, usije ukanisoma ukidhani natetea kitu nisichotetea. Mimi sitaolewa mke wa pili, hata uniletee ng'ombe mia na ploti Kitengela. Lakini pia sina shida na mtu anayevunja sheria ya serikali kwa sababu Mungu wake au dhamiri yake imemwambia avunje. Kuna sheria zilizostahili kuvunjwa, na waliozivunja tunawapa sikukuu yao kila Oktoba. Shida yangu ni na mtu anayeivunja usiku halafu anaamka asubuhi kuihubiri. Nikifuatilia hesabu ya siri ya namna hiyo, kila mara napata mwanamke ndiye aliyelipa.

Haya mambo yalinijia kwa miguu. Ukiishi mtaa wowote wa Nairobi umewaona: vijana wawili wawili, shati jeupe, tai, beji nyeusi kifuani. Beji inasema "Mzee" na mwenyewe ndevu bado. Walinikuta kwa mama wa chapati, na kwa kuwa nilikuwa na muda (mwandishi asiye na mwajiri huwa na muda, pesa ndiyo hakuna) nikawauliza lile swali ambalo kila mtu huwauliza. Yule Mkenya akajibu bila hasira:

"Dada, hiyo tuliacha tangu 1890. Sisi tunatii sheria za nchi."

"Sawa. Lakini sheria ya nchi hii inaruhusu."

Akatabasamu. Mwenzake akaangalia chapati.

Sikuwa namtega. Nilisoma sheria miaka miwili na nusu kabla ya karo kunishinda, na mbali na deni la mkopo wa masomo nilitoka na tabia moja: kutokubali jibu la nchi moja lipite kama jibu la nchi zote. Sheria ya Ndoa ya 2014 haifichi kitu. Ndoa ya Kikristo, ya Kihindu na ya kiserikali ni ya mke mmoja. Ya kimila na ya Kiislamu inaweza kuwa ya wake zaidi. Kama Wamormoni waliacha mitala ili watii sheria ya nchi, hapa Kenya sababu hiyo haipo. Na bado kanisa lao haliruhusu. Mwaka 1998 rais wake wa wakati huo, Gordon B. Hinckley, alilisema mbele ya mkutano mkuu: hata kule ambako sheria ya serikali au ya dini inakubali wake wengi, kanisa linafundisha mke mmoja, na halipokei wanaoishi katika mitala. Sababu yake ilikuwa kwamba Mungu alishaagiza iachwe, kwa hivyo sasa ni kinyume cha sheria ya Mungu.

Isome hiyo taratibu. Illinois sheria ilikataza, Mungu akasema oeni. Utah sheria ikakataza, Mungu akasema oeni, halafu mali ya kanisa ilipokamatwa akasema acheni. Kenya sheria inaruhusu, Mungu anasema hapana. Katika safari yote hiyo sheria ya nchi haijaamua jambo hata moja kwa sababu tu ni sheria ya nchi. Basi tusidanganyane na makala ya kumi na mbili.

Turudi Nauvoo, manake huko ndiko siri ilijifunza kutembea.

Kitabu cha Mafundisho na Maagano kilipotoka mara ya kwanza 1835 kilikuwa na tamko la ndoa: mume mmoja, mke mmoja. Tamko hilo lilikaa humo miaka yote ya Nauvoo na miaka mingi ya Utah, hadi 1876 lilipong'olewa na ufunuo wa wake wengi ukawekwa ndani. Ufunuo wenyewe uliandikwa Julai 1843. Yaani kwa zaidi ya miaka thelathini kitabu kitakatifu kilisema hivi na nyumba za viongozi zilisema vile. Emma anatajwa kwa jina katika ule ufunuo. Anaagizwa awapokee wake wenza, na akikataa ataangamizwa. Mimi nimesoma barua nyingi za vitisho katika kozi ya sheria ya familia lakini hiyo, iliyopewa sahihi ya Mbinguni, iko kwa daraja lake.

Mei 1844 Smith alisimama hadharani akashangaa kwamba anasingiziwa wake saba ilhali yeye akitazama anamwona mmoja tu. Kanisa lenyewe, katika insha lililochapisha 2014, linataja makadirio ya wake kati ya 30 na 40. Mmoja wao, Helen Mar Kimball, alikuwa amebakisha miezi michache afikishe miaka 15. Wengine walikuwa na waume tayari. Hebu fikiria uko mmoja wao, umekaa pale umatini, unasikia mumeo akisema haupo. Huwezi kuuliza, huwezi kulia, huwezi kumwambia jirani. Ukipata mimba, utamtaja nani?

Wiki chache baadaye waliokuwa waumini walichapisha gazeti, Nauvoo Expositor, toleo moja tu, la tarehe 7 Juni 1844, wakaanika siri. Siku tatu mbele baraza la mji, likiongozwa na Smith ambaye pia alikuwa meya, likaamuru mtambo uharibiwe. Ukaharibiwa. Kesi hiyo ndiyo iliyoanza safari ya kumfikisha jela ya Carthage, ambako genge lenye bunduki lilimuua tarehe 27 mwezi huohuo. Mauaji yale yalikuwa unyama, na walioshtakiwa kwa ajili yake waliachiliwa. Hilo halifuti lile la kwanza. Sisi ambao Machi 2006 tuliona waliofunika nyuso wakivamia mtambo wa gazeti usiku hapa Nairobi tunajua mtu huanza kuogopa karatasi lini.

Halafu kuna miaka ambayo nawapa heshima yao. Agosti 1852, wakiwa Utah, walimsimamisha Orson Pratt mbele ya watu akatangaza: ndiyo, tunaoa wake wengi, na ni dini yetu. Mwaka 1862 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuharamisha, Lincoln akaitia sahihi, na kwa vile alikuwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe mkononi, hakuna aliyeshughulika nayo sana. Ndipo katika miaka ya 1870 George Reynolds, karani wa Brigham Young, akakubali kushtakiwa ili mahakama iseme mara moja kama katiba inalinda ndoa zao. Alipelekwa kortini, akahukumiwa miaka miwili, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, akashindwa mwaka 1879, akaenda jela.

Hivyo ndivyo mtu mzima anavyogombana na serikali. Kuna kuvunja sheria na kuna kuikwepa. Anayeivunja kwa dhamiri anafanya mchana, anataja jina lake, na bili inapokuja anailipa mwenyewe. Juni 2024 tulipotoka kupinga Mswada wa Fedha, kuna wachungaji waliotuambia tukasome Warumi 13. Tulienda mchana, simu zikirekodi. Waliokuja na magari yasiyo na namba hawakuwa sisi. Kwa hivyo nikisema mwanga, simaanishi kitu cha mahubiri. Namaanisha unaweza kuulizwa jina na ukajibu.

Lakini hata kwa Reynolds mwanga ulifika mlangoni ukakwama. Mke wake wa pili, Amelia Jane Schofield, alitoa ushahidi katika kesi ya kwanza. Kesi iliporudiwa, ofisa alitumwa nyumbani kumwita akaambiwa hayupo. Mahakama ikaona mume ndiye aliyemficha, ikatumia ule ushahidi wake wa zamani. Mume anakuwa shujaa wa dhamiri kwenye vitabu. Mke anabaki mtu wa kufichwa nyuma ya pazia, halafu maneno yake yanasomwa bila yeye.

Sasa hukumu yenyewe. Hapa ndipo Mkenya anapaswa kuweka simu chini. Jaji Mkuu Morrison Waite alisema serikali haiwezi kugusa imani lakini inaweza kugusa tendo, la sivyo kila mtu atakuwa sheria yake mwenyewe. Hoja nzito, na mimi naikubali. Lakini alipotaka kueleza kwa nini tendo hili hasa ni baya, alisema kwamba mitala imekuwa chukizo siku zote kwa mataifa ya kaskazini na magharibi mwa Ulaya, na kwamba kabla ya Wamormoni ilikuwa karibu mambo ya watu wa Asia na Afrika pekee.

Ati sisi. Hatukuwa tumeshtakiwa. Hatukuwa tumeitwa hata kama mashahidi. Lakini tulikuwa ndani ya kesi, tumesimamishwa kama kipimo cha ubaya. Hakumpima mume kwa maumivu ya Emma, wala kwa umri wa Helen, wala kwa kumficha Amelia. Alimpima kwa kufanana na babu zetu. Na ukikosea sababu, utakosea na dawa.

Waingereza walikuwa wameshafanya yao. Mwaka 1866 John Hyde, Mwingereza aliyekuwa Mmormoni na kufunga ndoa Salt Lake City 1853, aliomba talaka London. Alikuwa ameiacha imani. Mkewe alikuwa ameolewa na mwingine huko Utah. Hyde alikuwa na mke mmoja maisha yake yote ya Kimormoni. Lord Penzance akamwambia hapana: ndoa ni muungano wa hiari wa mume mmoja na mke mmoja kwa maisha, vile inavyoeleweka katika ulimwengu wa Kikristo, na kwa kuwa ile ya Utah *ingeweza* kuwa ya wake wengi, mahakama yake haiwezi kuishughulikia. Ufafanuzi huo ulipanda meli na dola ya Kiingereza. Mwaka 1917, hapa kwetu tukiitwa Himaya ya Afrika Mashariki, Jaji Mkuu Hamilton aliamua katika kesi ya jinai ya Amkeyo kwamba mwanamke aliyeolewa kimila si mke wa kulindwa asitoe ushahidi dhidi ya mumewe. Aliona ni afadhali kuita desturi hiyo ununuzi wa mke.

Kwa hivyo usiniambie Wamormoni hawatuhusu. Nyanya zetu waliamka asubuhi moja wakiwa wake, na kufikia saa sita mahakamani wakawa bidhaa, kwa fikra ileile iliyomkataa Hyde. Ilibidi tusubiri hadi 2014 kwa sheria moja ya ndoa kusema kinaganaga kwamba ndoa zote zilizosajiliwa zina hadhi sawa.

Na serikali ya Marekani, iliyodai inakuja kuwaokoa wanawake wa Utah, iliwaokoaje? Wanawake wa Utah walikuwa wakipiga kura tangu 1870. Ndiyo, miaka hamsini kabla ya katiba ya Marekani kuwahakikishia wenzao. Mwaka 1887 Bunge lilipopitisha sheria ya Edmunds-Tucker ili kuvunja mitala, kifungu kimoja kiliwanyang'anya kura wanawake wote wa Utah: mke wa kwanza, mke wa nne, asiyeolewa, hata asiye Mmormoni. Miaka minne kabla yake, Belle Harris alikuwa amefungwa katika jela ya Utah zaidi ya miezi mitatu, na mtoto mchanga mkononi, kwa sababu alikataa kujibu maswali ya mahakama kuhusu ndoa yake. Huo ndio wokovu. Mkuki kwa nguruwe.

Miaka hiyo ya 1880 zaidi ya wanaume elfu moja walifungwa. Lakini wakubwa walijificha. Rais wa kanisa, John Taylor, alifia mafichoni 1887. Wake nao walijificha, wengine wakabadilisha majina, wengine wakavuka bahari. Martha Hughes Cannon, daktari, mke wa nne wa Angus Cannon, alikimbilia Uingereza 1886 na mtoto wake ili asilazimishwe kutoa ushahidi. Huyu mama ndiye ningependa afundishwe shuleni. Alirudi, na 1896, Utah ilipokuwa jimbo na wanawake wamerudishiwa kura, aligombea useneti wa jimbo. Kwenye karatasi ya kura mumewe naye alikuwemo, chama kingine. Martha akapita. Angus akaanguka. Akawa mwanamke wa kwanza Marekani kuwa seneta wa jimbo.

Mwaka 1899 akazaa. Huo ukawa mwisho wake wa siasa, kwa sababu mimba ilionyesha kwamba bado anaishi na Angus kama mke, miaka tisa baada ya kanisa kutangaza imeisha. Angus akatozwa faini ya dola 100. Martha akalipa kazi yake yote. Piga hizo hesabu mwenyewe.

Sasa hilo tangazo. Edmunds-Tucker ilivunja kanisa kama shirika na kuruhusu serikali ichukue mali yake iliyozidi dola 50,000. Mei 1890 Mahakama ya Juu ikasema ni halali. Septemba mwaka huohuo Rais Wilford Woodruff akatoa Tamko: kwa kuwa Bunge limepitisha sheria na mahakama ya mwisho imezikubali, yeye atazitii na anawashauri watu wake wafanye vivyo hivyo. Mwaka uliofuata aliwaeleza waumini kwamba Bwana alimwonyesha kitakachotokea wasipoacha, na katika aliyoonyeshwa, mahekalu kupotea kulikuwa mbele kabisa.

Mimi simlaumu kwa kuogopa kupoteza mahekalu. Ningekuwa yeye ningeogopa. Ninachosema ni kwamba sheria hiyohiyo ilikuwepo tangu 1862, na kwa miaka 28 ilikuwa dhuluma ya kupingwa, hadi ilipogusa majengo. Wanaume kufungwa hakukutosha kuleta ufunuo. Belle na mtoto wake jela hakukutosha. Na Tamko lenyewe halina neno moja kwa wake waliokuwepo tayari. Mke wa tatu mwenye watoto watano, Oktoba 1890, yeye ni nani? Wengine waliendelea na waume zao, wengine waliachwa na ahadi ya mbinguni. Hakuna aliyewaandikia.

Na giza likarudi. Ndoa mpya ziliendelea kufungwa kimyakimya, hasa Meksiko na Kanada, na wengine wa waliozibariki walikuwa mitume. Mwaka 1904 Seneti ya Marekani, ikichunguza kama Reed Smoot afaa kuketi humo, ilimwita Joseph F. Smith, rais wa kanisa na mpwa wa mwanzilishi. Alikiri ana wake watano na kwamba tangu Tamko amezaa nao watoto 11. Alisema ni afadhali akabiliane na sheria kuliko kuwatupa watoto wake na mama zao. Unajua, hapo nilimpenda kidogo. Mwaka 1906 alikiri kosa kortini akalipa faini ya dola 300. Lakini alilisema hilo kwa sababu aliapishwa. Mwaka huohuo wa 1904 alitoa tamko la pili, na kanisa likaanza kuwafukuza waliofanya lile ambalo viongozi wake walikuwa wamelifanya juzi.

Waliofukuzwa hawakuyeyuka. Walienda mpakani mwa Utah na Arizona, Short Creek, na mwaka 1953 gavana wa Arizona alituma polisi alfajiri wakachukua watoto 263 kutoka kwa mama zao. Picha zikawafanya Wamarekani wawahurumie, na kwa miaka mingi hakuna mwanasiasa aliyetaka kugusa tena. Ndani ya kimya hicho ndimo alikokua Warren Jeffs, nabii wa kikundi kimoja cha hao waliojitenga, aliyehukumiwa Texas 2011 kifungo cha maisha kwa kunajisi wasichana aliowaita wake. Kanisa kuu husema, na ni kweli, kwamba Jeffs si wao. Sawa. Lakini njia ya kumwambia msichana wa miaka 14 kwamba Mungu amesema na asimwambie mtu, haikuanzia Texas.

Utah wenyewe walikuja kuelewa. Mwaka 2020 bunge la jimbo lilipunguza kosa la mitala kati ya watu wazima waliokubaliana, likawa dogo kama kosa la barabarani, na likaacha adhabu kali kwa ulaghai, kulazimisha na kuoa watoto. Waliotetea mswada walisema mke anayepigwa hawezi kwenda polisi ikiwa kwenda polisi ni kukiri jinai. Imewachukua karibu miaka mia mbili kutambua kwamba mateso hayakuwa katika idadi.

Hapo ndipo nawatazama wabunge wetu. Machi 2014, Mswada wa Ndoa ulipokuwa bungeni, kulikuwa na kipengele kwamba mwanamume wa ndoa ya kimila akitaka kuongeza mke, wa kwanza aambiwe na akubali. Wabunge wanaume, wa pande zote, waliungana (kitu ambacho hata njaa haijawahi kuwafanyia) wakakiondoa. Wabunge wanawake wakatoka nje kwa hasira. Rais akatia sahihi Aprili. Tukapata mitala halali iliyovuliwa ile taa moja iliyokuwa imebaki.

Nikaenda kusoma ule ufunuo wa Smith tena, na nikakuta mwisho wake unasema jambo lilelile kwa mlango mwingine. Mke wa kwanza aulizwe. Akikubali, vizuri. Akikataa, mume ameondolewa wajibu wa kumuuliza, na mkosaji ni mke. Idhini ambayo jibu lake moja tu ndilo linahesabika. Wabunge wetu sidhani wamewahi kufungua Mafundisho na Maagano. Hawakuhitaji.

Babu yangu mzaa baba alikuwa na wake wawili. Sikupenda maisha ya nyanya zangu na wao hawakuyasifu, lakini kila mmoja alikuwa na jiko lake, shamba lake, na kiti chake mazishini, na kijiji kizima kiliwajua. Jirani yetu wa Nairobi alikuwa mzee wa kanisa, mke mmoja, cheti ukutani. Alipofariki, mama mwingine alifika mochari na watoto watatu wenye pua yake. Programu ya mazishi ilikuwa imeshachapishwa. Alisimama nyuma ya hema na watoto wake na hakuna aliyempa hata soda. Wote walioongea siku hiyo walimsifu marehemu kwa kuwa mtu wa sheria.

Watu wataniambia kanisa lina haki ya kuweka masharti yake. Lina haki. Kifungu cha 32 cha Katiba kinalilinda na mimi ningekitetea hata kesho. Lakini lisiweke masharti yake kisha likayaita utii wa sheria. Liseme: tulioa tulipotaka, tukaficha ilipotufaa, tukaacha tulipobanwa, na leo hatutaki. Hiyo ningeiheshimu.

Hekalu lao la Nairobi lilitangazwa 2017 na likawekwa wakfu 2025. Ndani ya hekalu kama hilo, kwa kanuni zao za sasa, mwanamume aliyefiwa na mkewe anaweza kufungishwa na mwanamke wa pili kwa umilele, juu ya yule wa kwanza aliyefungishwa naye. Dallin Oaks, aliyewahi kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Utah, ana wawili hivyo. Mwanamke aliye hai hufungishwa na mume mmoja tu. Na mke wa pili wa kutoka Kakamega, mwenye cheti cha msajili wa ndoa, ambaye hajavunja sheria yoyote ya nchi hii, habatizwi mpaka aachwe.